Treni au ndege? Hesabu ya msafiri wa Vwawa

Na Mwandishi Wetu, Vwawa

MFANYABIASHARA wa maharage wa Vwawa anayetaka kwenda Dar es Salaam kuonana na mteja wake ana njia tatu. Anaweza kusimama kando ya barabara kuu akapanda basi litokalo Tunduma. Anaweza kwenda Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioko kabla ya kufika Mbeya mjini, akapanda ndege. Au anaweza kwenda stesheni ya Tazara akasubiri treni.

Wengi siku hizi hupanda basi bila hata kujiuliza. Wenye haraka na wenye mfuko mzito hupanda ndege. Treni imebaki kuwa ya wazee wanaokumbuka zamani, ya akina mama wenye mizigo na ya wazungu wenye kamera.

La kushangaza ni kwamba huko walikotoka hao wenye kamera mambo yamegeuka. Msafiri wa Ulaya, ambaye angeweza kulipia ndege bila kujibana, anaiacha na kupanda treni. Tumeona vyema tumpigie msomaji wetu hesabu ya wenzetu hao, kisha tuilete hapa Mbozi tuone kama inakubali.

Ulaya wanahesabu nini?

Ufaransa ilifungua njia ya treni ya mwendo kasi, iitwayo TGV, kati ya Paris na Lyon mwaka 1981. Miji hiyo imeachana kwa zaidi ya kilomita 400, na treni hutumia saa mbili hivi. Novemba 1994 ikaanza Eurostar, inayopita chini ya bahari kati ya London na Paris. Mwaka 2008 Hispania nayo ikakamilisha reli ya Madrid hadi Barcelona, kilomita 621, ambazo treni huzimaliza kwa saa mbili na nusu.

Njia ya anga ya Madrid na Barcelona ilikuwa miongoni mwa zenye shughuli nyingi kuliko zote barani humo. Leo abiria wengi kati ya miji hiyo miwili wamo ndani ya treni.

Mei 2023 Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Ilipiga marufuku safari fupi za ndege ndani ya nchi pale ambapo treni inaweza kumfikisha abiria kwa muda usiozidi saa mbili na nusu. Safari zilizoguswa ni za kutoka uwanja wa Orly, Paris, kwenda Lyon, Nantes na Bordeaux. Abiria anayeunganisha ndege kwenda nchi nyingine hakuguswa.

Sababu iliyotajwa ni moshi. Ndege huunguza mafuta mengi inapopaa, hivyo katika safari fupi sehemu kubwa ya mafuta inaishia katika kupaa. Mkulima wa Songwe, ambaye miaka hii hajui mvua itaanza lini wala itakatika lini, hana haja ya kuelezwa kwa nini moshi huo ni hoja.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba Mfaransa au Mhispania anapanda treni kwa kuihurumia hewa tu. Anahesabu saa. Uwanja wa ndege uko nje ya mji. Kufika huko ni safari, kukaguliwa ni foleni, kusubiri mzigo ni foleni nyingine, na kurudi mjini ni safari tena. Treni inamchukua katikati ya mji na kumshusha katikati ya mji. Kwa safari ya saa tatu treni hushinda. Ikizidi saa tano, ndege huanza kushinda.

Isipokuwa usiku. Hapa ndipo pa kusikiliza. Shirika la reli la Ujerumani lilipoamua mwishoni mwa 2016 kuachana na mabehewa ya kulala, likisema hayalipi, shirika la Austria lilizichukua baadhi ya njia hizo na kuziendeleza kwa jina la Nightjet. Abiria anapanda jioni, analala, anaamka kwenye mji mwingine. Safari ni ya saa kumi na zaidi, lakini yeye hazihesabu kwa sababu alikuwa usingizini. Na pesa ya hoteli imebaki mfukoni.

SGR haifiki huku

Jirani zetu Wakenya walianza kupanda treni ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi Mei 31, 2017. Kwetu, treni ya umeme ilianza kwenda Morogoro Juni 14, 2024, na Dodoma Julai 25 mwaka huo huo. Nauli ya daraja la kawaida Dar es Salaam hadi Dodoma ilianzia Sh31,000, na safari iliyokuwa ikila sehemu kubwa ya mchana kwa basi ikawa ya saa tatu na ushei. Hesabu ya Madrid na Barcelona ikawa imetua Dodoma: mtu aliyekuwa na tiketi ya ndege mkononi akaanza kujiuliza maswali.

Lakini reli hiyo inaelekea Tabora, Mwanza na Kigoma. Haiji Nyanda za Juu Kusini. Wala haiwezi kuunganishwa tu na ya kwetu, kwa kuwa vipimo vinatofautiana. Reli ya SGR ina upana wa milimita 1,435, ile ya kati ya zamani 1,000, na ya Tazara 1,067, ambao ndio upana wa reli za Zambia na nchi nyingi za kusini. Mtu wa Vwawa hesabu yake lazima aifanye kwa Tazara.

Saa za kutoka mlangoni hadi mlangoni

Tuanze na ndege. Kutoka Vwawa hadi Uwanja wa Songwe unapita barabara ile ile ya malori ya Tunduma, hivyo tenga zaidi ya saa moja. Unatakiwa kufika uwanjani mapema. Angani ni saa moja na dakika kadhaa. Ukishuka Dar es Salaam unakutana na foleni ya Barabara ya Nyerere kabla hujafika Kariakoo. Ukijumlisha yote, ni saa sita hivi kutoka mlango wako hadi mlango wa mteja, siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa.

Si kila siku huwa hivyo. Uwanja wa Songwe ulipoanza kazi Desemba 2012 ulileta ukombozi mkubwa, lakini ukungu wa eneo lile ni wa kuzaliwa nao. Kwa miaka mingi zimekuwapo asubuhi ambazo ndege ilifika juu ya Songwe, ikazunguka, ikarudi ilikotoka.

Basi, kwa upande wake, hutumia zaidi ya saa 14, na zaidi ya hapo kukiwa na foleni ya malori au ajali kwenye miteremko kama Senjele na Iwambi. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, Oktoba 2023, abiria anaweza kuondoka jioni na kufika asubuhi. Hiyo imeipunguzia treni sifa yake kubwa, ya kumsafirisha mtu akiwa amelala. Tofauti ni kwamba kwenye basi unalala umekaa, shingo imepinda, na roho iko kwa dereva.

Treni sasa. Kwa ratiba ya miaka mingi Tazara imekuwa na treni mbili za abiria kwa wiki kutoka Dar es Salaam: Kilimanjaro ya Jumanne, inayosimama vituo vingi, na Mukuba ya Ijumaa, inayoruka baadhi ya vituo. Zote huondoka baada ya saa sita mchana, na kesho yake mchana ziko Mbeya, kisha Vwawa na Tunduma. Ni kama saa 24 kwa zaidi ya kilomita 900, ikienda vizuri.

Saa 24 dhidi ya sita zinaonekana kuwa kichekesho. Lakini zigawanye kama anavyofanya yule wa Austria. Saa nane umelala kitandani, tena umejinyoosha. Daraja la kwanza ni vitanda vinne katika chumba kimoja, la pili ni sita. Wanaume na wanawake huwekwa vyumba tofauti, isipokuwa familia au kundi lililonunua chumba kizima. Usiku huo wa gesti hulipi. Chakula kipo kwenye behewa lake, na kila stesheni madirishani kuna ndizi, mchele, mahindi ya kuchoma na kuku. Ukiwa na jirani mwenye maneno, utafika Dar ukiwa unajua bei za mazao za nusu ya nchi.

Kinachoiangusha treni hii si urefu wa safari. Ni kutojua. Mtu anaweza kupanga biashara yake kwa saa 24. Hawezi kuipanga kwa saa 24 ambazo huenda zikawa 30, au 40, au treni isiondoke kabisa wiki hiyo. Miaka ya 2014 na 2015, migomo ya wafanyakazi waliokuwa wakidai mishahara ilisimamisha huduma zaidi ya mara moja. Injini chache, njia iliyochakaa, mvua za Kilombero zinazokula tuta: kila kimoja kinaongeza saa. Mhispania ameiacha ndege kwa sababu treni yake inaondoka saa iliyoandikwa. Angeambiwa asubiri hadi itakapofika, angekuwa bado angani.

Njia mbili zinaachana Makambako

Kuna jambo jingine ambalo wafanyabiashara wapya hulisahau. Reli na barabara haziendi pamoja hadi mwisho. Zikifika Makambako zinaachana. Barabara inakwenda Iringa, Mikumi na Morogoro. Reli inateremka kwenye mahandaki na madaraja hadi Mlimba, inavuka bonde la Kilombero, inapita Ifakara na Kidatu, kisha inakata mbuga hadi Dar es Salaam.

Kwa hiyo, mwenye mteja Iringa au Morogoro mjini asiitazame Tazara kabisa. Mwenye mteja Ifakara, asipitie barabara bila kuiuliza treni kwanza.

Kipande hicho cha Mlimba na Makambako ndicho kilichowatoa jasho wajenzi kuliko vyote. Reli nzima, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya mataifa ya Magharibi kusema mradi haulipi. Zambia ilikuwa imebanwa. Shaba yake ilipitia kusini, kwa walowezi wa Rhodesia waliojitangazia utawala wao Novemba 1965. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walitaka mlango mwingine wa bahari. Reli ilifika mpakani Tunduma mwaka 1973 na kukabidhiwa rasmi kwa nchi mbili Julai 1976.

Ilijengwa kwa ajili ya shaba, basi. Ilikadiriwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Haikuwahi kuzifikia, na kufikia mwaka wa fedha 2014/15 mzigo ulikuwa umeanguka chini ya tani 100,000.

Lakini wanaoishi kando ya reli waliifanya kuwa kitu kingine. Mtafiti Jamie Monson, aliyechapisha mwaka 2009 kitabu cha historia ya Tazara, alizifuatilia hadi stakabadhi za mizigo midogo iliyopakiwa katika vituo vya Kilombero. Alikuta wakulima na wachuuzi waliojenga maisha yao kwa kufuata ratiba ya treni: wamehamia karibu na stesheni, wamelima kinachouzika dirishani, wamepeleka ndizi na mchele mbali na nyumbani. Treni ya vipande vifupi walikuwa wakiiita Kipisi. Ilipotaka kuondolewa, walikuja juu.

Gunia linalosubiri na lisilosubiri

Hapa ndipo mkulima wa Mbozi anapotofautiana na abiria wa Paris. Yeye hasafiri peke yake. Ana gunia.

Ndege haimfai kwa hilo. Kilo 20 na kitu za begi hazitoshi hata sampuli za mteja mwenye masharti. Ndege ni ya kwenda kusaini, kulipa au kumwona mgonjwa. Basi litachukua magunia machache kwa mapatano na kondakta, na mapatano hayo hubadilika abiria wakijaa. Lori linakuja hadi shambani, linaondoka siku unayotaka na linapita Iringa. Ndiyo maana lori limeshinda, na tusilionee.

Treni ina behewa la vifurushi kwa mizigo midogo ya abiria na wachuuzi, na mabehewa ya mzigo kwa wenye tani nyingi. Behewa moja la mzigo hubeba tani kadhaa kumi, zaidi ya lori la kawaida. Mkulima mmoja hawezi kulijaza. Chama cha msingi kinaweza, hasa kwa kahawa iliyokobolewa, mahindi na maharage.

Kanuni ya kuchagua ni rahisi. Nyanya haisubiri, parachichi haisubiri, ndizi husubiri kwa shingo upande. Vya namna hiyo vipeleke kwa gari. Maharage, mahindi makavu na kahawa vinasubiri, mradi havinyeshewi na mteja hajaahidiwa tarehe ya kukatika shauri. Mwenye mzigo wa kusubiri ndiye anayeweza kunufaika na unafuu wa reli hata reli ikiwa na kasoro zake. Na mwenye mkopo wa benki akumbuke kwamba riba haikai stesheni. Siku kumi za kuchelewa zina bei, aiweke kwenye hesabu.

Kwa anayekwenda Zambia

Safari moja hesabu yake ni nyepesi kabisa, nayo ni ya Lusaka. Mtu wa Vwawa au Tunduma anayetaka kuruka kwenda Lusaka kwa kawaida huanza kwa kurudi nyuma hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, ndipo apande ndege itakayompitisha tena juu ya paa la nyumba yake.

Treni inavuka mpaka na kumfikisha New Kapiri Mposhi bila kubadilisha behewa. Kutoka hapo hadi Lusaka ni kama kilomita 200 kwa basi. Basi la moja kwa moja kutoka Nakonde linaweza kuwa la haraka zaidi. Lakini ndege, kwa safari hiyo, imetoka kwenye mashindano kabla hayajaanza.

Mkataba mpya unasemaje?

Septemba 29, 2025, Tanzania na Zambia zilitia saini na kampuni ya Kichina ya CCECC mkataba wa miaka 30 wenye thamani ya dola za Marekani bilioni 1.4. Miaka mitatu ya kwanza ni ya kuifufua njia na kuleta injini na mabehewa mapya. 27 inayofuata ni ya uendeshaji. Uzinduzi wa kazi ulifanyika Zambia Novemba mwaka huo.

Ni habari njema, na hatuna haja ya kuipunguza. Lakini tujue mwekezaji atarudishiwa pesa yake na nini. Ni shaba ya Zambia na Kongo, pamoja na mzigo unaoingia kutoka bandarini. Na shaba hiyo ina mlango mwingine sasa: reli ya Lobito, Angola, iliyopewa kampuni binafsi kwa mkataba wa mwaka 2022 na kuungwa mkono na Marekani na Ulaya. Tazara itakimbizana nayo, na anayekimbizana hapendi kusimama njiani. Treni ndefu ya shaba ikipita Vwawa bila kusimama, ni faida kwa hesabu za reli. Kwa mkulima ni kelele tu.

Ndiyo maana maswali yanatakiwa kuulizwa sasa, kabla mataluma mapya hayajatandikwa. Je, treni ya abiria itakuwa na nafasi yake kwenye njia, au itakuwa inapisha shaba? Dirisha la vifurushi la Vwawa litakuwa wazi siku ngapi kwa wiki? Chama cha msingi kikitaka behewa, kitajibiwa kwa muda gani, na likichelewa nani atalipa? Madiwani wa Mbozi na wabunge wa Songwe wanaweza kuyafikisha maswali hayo kwa maandishi. Wakulima wa Kilombero walipigania Kipisi bila hata mkataba mkononi.

Kwa anayetaka kusafiri wakati huu, neno moja la vitendo. Kazi ya ukarabati inaweza kubadilisha ratiba au kusimamisha treni kwa muda, hivyo usifunge safari kwa tarehe uliyoambiwa na jirani. Ulizia stesheni yenyewe siku chache kabla, na uulize tena asubuhi ya safari. Kitanda cha daraja la kwanza na la pili kinunuliwe mapema, kwa kuwa anayepandia Vwawa hukuta treni itokayo Zambia imeshajaa watu wa Kapiri na Mpika. Beba maji, shuka na sweta. Kati ya Mbeya na Makambako, usiku wa Juni na Julai, baridi huingia hata dirisha likiwa limefungwa. Na kama mteja wako wa Kariakoo anakusubiri saa nne kamili asubuhi ya Jumatatu, nenda Songwe ukapande ndege.